Mnunuzi wa Kamyo Tupu

Mwezi uliopita nilirudisha ufunguo wa biro, ofisi niliyoitumikia miaka mingi, na wenzangu vijana wa meza ya ukaguzi wakanizuia mlangoni. Walitaka niandike niliyoyaona kabla hayajanitoka kichwani. Nimekubali. Mwenye kutafuta humu namna ya kupanda cheo au kuongezwa mshahara afunge kurasa hizi mapema, kwa sababu habari zangu za upande huo ni fupi na hazichekeshi. Nitasema juu ya kazi yenyewe, na zaidi juu ya mtu ambaye katika kazi yetu ni rahisi kumsahau: yule anayenunua.

Jina langu ni Régine. Kabla ya hapo nilikuwa nikipokea simu katika kampuni moja ya migodi hapa Kolwezi, nikiunganisha wakubwa na wakubwa wenzao. Wakaleta mashine ya kujibu simu. Mashine ikabaki, mimi nikatoka. Watoto wangu walikuwa wamekwisha kukua nilipoanza kazi katika ile nyumba ya mtaa wa Dilala, moja ya nyumba za matofali zilizojengwa zamani kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi. Siku ya kwanza niliomba mahali pa kunawa mikono. Nikafungua mlango, nikakuta beseni la kuogea limejaa betri, zile za kutusaidia umeme ukikatika. Mkubwa wetu, Bwana Firmin, au Tata Firmin kama tulivyomwita, aliniambia bila kucheka kwamba nimeona moyo wa kampuni, na kwamba maji ya kunawa yako nje, kwenye ndoo.

Soko letu la mtandaoni liliuza tovuti. Mtu anafungua tovuti yake, labda ya mapishi, labda ya matangazo ya nyumba za kupanga. Anaitunza miaka, watu wanaizoea, inaanza kumlisha. Halafu anachoka, au anahama, au anataka pesa zote mara moja. Anatuletea. Mwingine ananunua jina, kurasa, wasomaji na funguo zote za kuingilia. Ugumu ni kwamba muuzaji ameishi ndani ya tovuti ile miaka mingi, na mnunuzi anaiona kwa siku chache kupitia dirisha ambalo muuzaji mwenyewe amemfungulia. Kazi ya mkaguzi ni kufungua madirisha mengine.

Aliyenifundisha alikuwa Tata Célestin, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini, ambaye zamani alipokea mizigo kwenye stesheni ya reli ya Kasaji. Hakukubali picha ya kitu chochote. Muuzaji akimletea picha ya hesabu za wageni wa tovuti, aliigeuza kifudifudi mezani na kumwambia afungue tovuti yenyewe, palepale. Baadaye alimwomba aondoe mikono kwenye kompyuta, akaifungua yeye, ukurasa kwa ukurasa. Wauzaji wengi walichukia sana sehemu hiyo.

"Mama Régine," aliniambia juma la kwanza, "muuzishaji eko anajua bintu yote. Mununuzi eko anajua paka ile tu banamuonyesha. Siye tuko katikati. Kama hatumusaidie mununuzi, nani atamusaidia?"

Kesi yangu ya kwanza ngumu ilitatuliwa na mvua. Kijana mmoja alikuwa akiuza tovuti ya matangazo ya harusi na misiba. Wasomaji wake, alisema, karibu wote ni wa Kolwezi, na mchoro wa hesabu ya wageni ulikuwa mzuri ajabu. Tulikuwa bado tunaukagua mvua ilipokata waya mkubwa wa mtandao, na mji mzima ukashinda bila mawasiliano. Watu walipanda juu ya vifusi vya mgodi wakiinua simu. Mtandao uliporudi, Tata Célestin alimwita kijana.

"Jana ulikuwa fasi gani?"

"Apa apa, tata. Kwetu Manika."

"Network ilikuwa?"

"Ata kidogo! Nilishinda paka nimekaa."

Tata Célestin akamgeuzia kompyuta. Mchoro wa siku ile ulikuwa uleule, haukushuka hata kidogo. "Basi bale batu ba Kolwezi balisoma site yako jana, balipita njia gani?"

Kijana aliutazama mchoro, akautazama mlango, kisha akajibu kwamba labda walikuwa wamefungua tangu juzi. Kumbe alikuwa amelipa mashine za mbali zifungue kurasa zake mfululizo. Mama aliyetaka kuinunua alikuwa tayari ameaga kazi yake ya ualimu.

Baada ya miaka michache Tata Célestin alirudi kwao Kasaji kulima. Aliniachia kiti chake, ambacho kiliumiza mgongo, na tabia moja ambayo nawasihi msiiache: kuwapigia simu watumiaji wa tovuti. Siyo wale ambao muuzaji amekupa majina yao. Hao watasifu. Chagueni wenyewe.

Sasa nifike kwenye Kamyo Tupu.

Tovuti hii ilikuja mezani kwangu wakati wa kiangazi, vumbi jekundu likiwa limepaka hata majani ya maua ya kibarazani. Muuzaji aliitwa Héritier, kijana wa Kasai aliyekuja kuchimba shaba na kobalti kule Mutoshi kama vijana wengine wengi. Alipokuwa akikaa kando ya barabara kupumzika, aliona jambo moja: kamyo, yaani malori, zilipeleka sukari, sabuni na mafuta Kasaji, zikarudi tupu, na wakati huohuo wakulima wa Kasaji walilia kwamba mahindi yao yanaoza kwa kukosa gari. Akajifunza kutengeneza tovuti kwa simu yake ya mkononi. Mwenye kamyo aliandika kwamba anayo gari, mwenye mzigo akaandika kwamba anao mzigo, na tovuti ikawakutanisha. Wageni wa kawaida waliona kwamba gari ipo na inaelekea wapi, basi. Lakini kulikuwa na ukurasa wa ndani, ambao mwenye tovuti peke yake aliweza kuufungua. Huko kulikaa jina la dereva, simu yake, alichopakia na saa ya kuondoka.

Niliikagua kila upande. Wageni wa kweli, madereva wa kweli, mapato ya kweli. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu nilitamani ningekuwa mnunuzi.

Mnunuzi alikuwa Mama Zaituni. Jamaa yake ni Waislamu waliotoka Maniema tangu enzi za babu yake, wakashika biashara na usafirishaji. Baba yake, Mzee Ramazani, alikuwa na kamyo mbili, na binti ndiye aliyeziongoza. Mdogo wake, Idi, aliendesha mojawapo. Ili kununua Kamyo Tupu ilibidi wauze kamyo ya pili. Mzee hakupenda.

"Unauzisha kintu iko na magurudumu," alimwambia mbele yangu, "unanunua kintu haishikike."

Mama Zaituni alinipigia simu karibu kila siku. "Mama Régine, kama ni weye, ungenunua?"

Nilimjibu nilivyojibu wote: "Ngoja nimalize."

Kulikuwa na mambo madogo. Héritier akija biro alichagua kiti kinachotazama dirisha. Kila alipopiga simu, namba ilikuwa mpya. Wauzaji wengine hutaka jina lao libaki chini ya kila ukurasa, hata baada ya kuuza, lakini yeye alitaka lake lifutwe lote. Tena alitaka tumalize haraka. Hayo hayaandikwi kwenye ripoti. Mtu anaweza kuwa na haraka, anaweza kupenda dirisha.

Nikaanza kupiga simu. Dereva wa kwanza alisifu. Wa pili alisifu, akaniomba nimtafutie mzigo. Wa tatu alikuwa Tata Mukalay.

"Ile site bado iko?" alisema. "Mama, mi siingie tena mule. Kuya uone mukono yangu."

Nilipanda pikipiki hadi maegesho ya kamyo, upande wa barabara ya Kasaji. Nilimkuta amekaa kwenye kivuli cha gari lake, mkono wa kulia umefungwa plasta hadi juu ya kiwiko. Alikuwa mtu mzima, mwenye mvi, na aliongea akitazama chini.

"Ilikuwa kabla ya kufika Mutshatsha, ku njia ya Kasaji," alisema. "Balitia miti mu barabara. Nikasimama. Mama, baliniita jina. 'Tata Mukalay, shuka. Tunajua uko na sukari na mafuta, na tunajua saa ulitoka.' Ile saa, ata bibi yangu sikumuambia."

"Nani alikuwa anaijua?"

"Mi, na ile site."

Walichukua mzigo, wakamvunja mkono kwa sababu alishikilia usukani. Nilimwuliza kama amemweleza mtu yeyote. Akaniuliza nani huyo wa kumweleza.

Asubuhi iliyofuata nilimwita Héritier. Nilifunga mlango, nikamwambia nimetoka kwa Tata Mukalay. Hakukana. Alikaa na mikono kati ya magoti, kisha akaongea kwa haraka kama mtu anayetapika. Mtu alimpigia simu akijifanya mteja. Alisema ana mifuko michache ya sukari, anataka kuiongeza kwenye gari ambalo tayari limebeba sukari. Gari gani, linatoka lini, nani dereva? Héritier akampa yote, maana ndiyo ilikuwa kazi yake, kuwahudumia wateja. Siku mbili baada ya Tata Mukalay kupigwa, sauti ileile ikapiga tena kusema asante. Tangu hapo ilidai habari za magari mengine. Alipokataa, walimweleza nyumba anayopanga, na rangi ya mlango wake.

"Ungeniambia mwanzo," nilisema.

"Mama, uliniuliza kama batu ba site ni ba kweli. Ni ba kweli bote. Haukuniuliza kwa nini mi naenda."

"Sasa nakuuliza. Na Mama Zaituni, bakimupigia?"

Alifunika uso. "Ukiandika ile mu rapport, hakuna mutu atanunua. Na bale batu batajua nilisema. Mama, bataniua."

Niliamini. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa, na sitaki vijana mdhani kwamba siku zote kuna mwongo upande mmoja na mkweli upande wa pili. Kijana huyu hakuwa amedanganya hesabu hata moja. Alikuwa anakimbia, na alitaka kuuacha mlango wake kwa mtu mwingine bila kumwambia nani anaubisha.

Nilikwenda kwa Tata Firmin. Hakuwa mtu mbaya, ila mauzo yalikuwa machache msimu ule na wafanyakazi walikuwa wakimtazama yeye.

"Rapport yetu inasema juu ya site," aliniambia. "Barabara si site. Tukianza kuandika kila hatari ya inchi hii, tutauzisha nini?"

"Mwenye kununua atapewa ufunguo wa ukurasa wa ndani. Ule ufunguo ndio bale batu banatafuta. Hiyo ni site, Tata Firmin."

"Batasaini Alhamisi. Weye tia saini yako tu."

"Sitatia."

"Kuko bengine banaweza kutia."

Nilirudi mezani kwangu. Siku mbili zilizobaki kabla ya saini sikula vizuri. Nilishika simu mara nyingi nimpigie Mama Zaituni, nikaiweka chini. Kanuni yetu ilikataza mkaguzi kumwambia mnunuzi neno nje ya ripoti, na niliiheshimu, kwa sababu ndiyo iliyozuia wengine kupokea chochote chini ya meza. Niliamua kwamba nitasema siku ya saini, mezani, mbele ya wote, kabla kalamu haijashikwa. Kama ni kufukuzwa, basi nifukuzwe na wote wakinisikia.

Alhamisi Mama Zaituni na baba yake walifika mapema. Tuliwaketisha chumba cha nyuma, ambacho zamani kilikuwa jiko, pamoja na Héritier. Mzee Ramazani alivua makobazi yake nje ya mlango kwa heshima. Tata Firmin alikuwa chumbani kwake akipanga karatasi. Nilikuwa nimesimama, naelekea huko nyuma, nikasikia mtu anaingia kibarazani.

Alikuwa mwanaume wa makamo, shati limepigwa pasi, viatu havina vumbi. Katika kiangazi cha Kolwezi, viatu visivyo na vumbi vinaonekana haraka.

"Jambo, mama."

"Jambo, tata."

"Nasikia apa kuko site inauzishwa. Kamyo Tupu. Nataka paka kujua nani eko anainunua."

Ukuta wa jiko lile ulikuwa mwembamba. Nilimsikia Mzee Ramazani akikohoa, na Mama Zaituni akimwambia kitu. Nikapaza sauti kama naongea na mtu asiyesikia vizuri.

"Kamyo Tupu, tata? Unauliza jina ya mwenye kununua Kamyo Tupu?"

Huko nyuma kikohozi kikakatika.

"Iko vile," alisema. "Mi ni rafiki ya ule muuzishaji. Nataka kumusalimia mwenyeji mupya."

Macho yake yalishuka hadi kwenye makobazi. "Uko na bageni?"

"Ni fundi ya batri. Eko anatengeneza mu douche, fasi ya kuoga, kuko maji ya batri chini."

Alicheka kidogo. Nikakaa, nikavuta fomu ya kujiandikisha na kalamu.

"Apa kwetu hakuna mutu anaambiwa jambo ya site kama hajaandikishwa," nilisema. "Ni sheria, ata kwa rafiki. Leta carte, kitambulisho yako. Jina nzima ni nani?"

"Haina lazima, mama."

"Unaishi fasi gani? Komini gani?"

Aligeuka kutazama pikipiki yake nje.

"Simu? Namba moja, ile unatumia kila siku. Halafu nitakupiga picha, ni ya dosye, ya faili yetu. Simama pale ku ukuta mweupe."

Nilinyanyua simu yangu. Hilo ndilo lililomrudisha nyuma hatua moja. Alitazama simu, akanitazama mimi, na tabasamu likaondoka kwenye mdomo wake.

"Uko na nyumba muzuri, mama," alisema polepole. "Siyo hii. Ile yako. Ile ya mulango ya bleu."

Mlango wa nyumba yangu ni wa buluu. Nikajua ni nani aliyesimama mbele yangu, na nikajua kwamba Héritier hakuwa ameongeza chumvi. Nikajisikia naendelea kuuliza, kwa sauti ya mtu mwingine: "Basi carte iko ama haiko?"

"Tutaonana," alisema, akatoka. Nilisikia pikipiki ikiwaka, ikaenda. Nikabaki na kalamu mkononi.

Tata Firmin alikuwa mlangoni mwa chumba chake, uso umebadilika rangi. "Ule ni nani?"

"Ni ile barabara," nilimwambia. "Imeingia mu site."

Chumba cha nyuma nilimkuta Mama Zaituni amesimama. Baba yake ameshika ukingo wa meza. Héritier alikuwa amejibana kwenye kona, karibu na dirisha.

"Ule alikuwa anauliza mi?" Mama Zaituni alisema.

Nikamgeukia Héritier. "Sema. Ni weye utasema."

Alisema yote, tangu simu ya kwanza hadi mkono wa Tata Mukalay, akitazama meza. Hakuruka kitu. Mzee Ramazani alimwuliza swali moja tu: kama Tata Mukalay anaendesha sasa. Héritier alitikisa kichwa kwamba hapana.

"Na ungeniachia ule ufunguo," Mama Zaituni alisema. Hakupaza sauti. "Bangenipigia, ningesema ni mteja. Ningebapatia jina. Ningebapatia saa. Idi ndio eko anashika volant ya kamyo, unasikia? Ningemuuzisha ndugu yangu na mudomo yangu mwenyewe."

"Niliogopa, dada."

"Na mi? Mi sina haki ya kuogopa?"

Alimshika baba yake mkono wakatoka. Mzee alisahau kuvaa makobazi, akarudi kuyachukua, akaniaga. Mama Zaituni hakuniaga.

Tata Firmin aliingia akaketi kwenye kiti alichokiacha Mzee Ramazani. Nilingoja anifukuze. Badala yake akasema tuiandike ripoti upya, kwa maneno ambayo hayatamuua huyu kijana. Ilituchukua siku nzima. Mwishowe tuliandika kwamba ukurasa wa ndani una habari za safari ambazo watu wabaya wamezidai kwa vitisho, na kwamba kila mnunuzi azungumze na mkaguzi kabla ya kuamua. Hatukuandika jina, wala nani alisema. Maneno yale bado yapo katika ripoti zetu za mfano. Sasa mnajua yalitoka wapi.

Hakuna aliyepiga simu kuuliza bei. Héritier alilala kwa rafiki zake, leo hapa, kesho pale. Mimi nilibadilisha njia ya kurudi nyumbani, na nilipaka mlango rangi ya kijani, jambo la kipuuzi, maana nyumba haikuhama. Kila pikipiki iliyopunguza mwendo karibu na lango la biro ilitufanya sote tuache kuandika.

Juma lililofuata Mama Zaituni alirudi, peke yake. Hakusalimia kwanza.

"Ile chumba ya ndani ya site," alisema, "inaweza kuvunjika?"

Nilimwita Héritier. Alikuja kwa mlango wa nyuma. Mama Zaituni alimweleza alichotaka: hakuna jina la dereva, hakuna mzigo, hakuna saa. Tovuti iseme kuna kamyo, inaelekea wapi, na simu ya kupigia, basi. Mengine wenye mzigo na madereva wapange wenyewe kwa mdomo, kwa simu, na yasiandikwe popote.

"Itapoteza nguvu," Héritier alisema. "Batu banaipenda sababu inabapangia kila kitu."

"Itapoteza. Lakini nitakuwa sina kitu cha kupatia mutu."

Nilimwuliza kwa nini bado anaitaka. Nilimkumbusha kwamba hakuna anayemlazimisha, na kwamba wale watu wanaweza kumwudhi hata kama hana cha kuwapa. Nilimweleza kila baya nililoweza kulifikiria. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kamyo yetu inarudi tupu kila safari," alisema. "Mahindi ya Kasaji inaoza. Na kama sinunue mi, siku moja mutu mwengine atainunua pamoja na ile chumba. Na Idi atakuwa ku barabara vilevile."

Mchana ule tuliketi watatu mbele ya kompyuta moja. Héritier alifuta, mimi nilihakikisha kwamba kilichofutwa hakikubaki pengine, Mama Zaituni alisoma kila jina kwa sauti kabla halijatoka. Ilikuwa kazi ya mikono ya kijana, na ilikuwa nzuri. Lilipofika jina la Tata Mukalay alisimama kidogo, kisha akabonyeza. Mwishowe waliandika juu ya ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa, kwamba Kamyo Tupu haina majina ya madereva wala saa za safari, na kwamba hata mwenye tovuti hayajui hayo. Bei ilishuka, bila shaka. Kamyo ya pili iliuzwa. Mama Zaituni alisoma ripoti yangu mstari kwa mstari, akaniuliza maana ya maneno mawili, akasaini.

Héritier aliondoka Kolwezi bila kusema anaelekea wapi, na sikumwuliza. Baadaye nilipata simu kutoka namba nisiyoijua: "Mama, niko muzima." Ikakatwa.

Wale watu walimpigia Mama Zaituni. Aliwajibu kwamba wasome ukurasa wa kwanza. Walipiga tena, akawajibu vilevile. Kisha asubuhi moja Tata Firmin alifika biro akaniambia kioo cha mbele cha kamyo ya Mzee Ramazani kimevunjwa kwa nyundo pale maegesho.

Nilikwenda kwa miguu, kwa sababu sikutaka kufika upesi. Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa na Mama Zaituni, na niliona ni haki yake. Ilikuwa kamyo iliyobaki, hawakuwa na nyingine. Nilimkuta amefunga kitenge kiunoni anafagia vioo, na Idi yuko juu, anatoa vipande vilivyobaki kwenye fremu. Mzee Ramazani alikuwa amekaa kwenye tairi la akiba.

"Mama Zaituni," nilisema, "pole. Ile site ilitoka ku meza yangu."

Aliendelea kufagia.

"Ulinionyesha yote kabla sijasaini," alisema. "Ata hii ulisema inaweza kufika. Nilinunua nikiwa naona, mama. Kama ungenificha, leo tungekuwa tunalia mutu, siyo kioo." Akaelekeza ufagio miguuni pangu. "Toka pale, utajikata."

Kioo kipya hakikupatikana siku ile, na mzigo wa sabuni ulikuwa unangoja. Idi alivaa miwani ya fundi wa kuchomelea, akajifunga kitambaa puani, akaondoka vilevile, upepo wote usoni. Hakumwambia mtu saa ya kuondoka. Sisi tuliokuwa pale tuliiona kwa macho tu.

Tulishinda pale maegesho, Mama Zaituni, baba yake na mimi. Niliwaambia nitarudi biro baada ya saa moja, sikurudi. Mzee aliswali adhuhuri kando ya ukuta, akaswali na alasiri. Kila simu ilipolia Mama Zaituni aliitazama kwanza, halafu akaipokea. Jua lilikuwa linaanza kulegea Idi alipopiga. Sauti yake ilikuwa imejaa vumbi. Amefika. Hakuna aliyemsimamisha. Na kuna mtu hapo Kasaji, alisema, ana mahindi ya kujaza kamyo tatu, anauliza nani anaweza kuja.

Mzee Ramazani alisema neno la shukrani kwa Mungu, akaficha uso. Mama Zaituni alifuta machozi kwa ncha ya kitenge, akafungua Kamyo Tupu kwenye simu, akaandika kwamba Kasaji kuna mahindi na kamyo zinatafutwa. Hakuandika mahindi ni ya nani, wala saa ya kuyachukua.